Kitasa cha Ghorofa ya Nne

Mwezi ule Saragosa ilikuwa na watembezi wawili tu:
upepo wa Ebro, na mimi.
Upepo haukuulizwa kibali. Mimi changu kilikuwa mfukoni,
karatasi yenye mhuri: fundi vitasa, kazi ya lazima.

Redio ilisema, kaeni ndani.
Kila baada ya taarifa, kaeni ndani,
kana kwamba ndani ni mahali pa bure, kama kivuli,
kana kwamba ndani hapana mwenyewe
anayekuja tarehe tano kupadai.

Lacasta, wakala wa majumba, alinipigia asubuhi.
Hata sauti yake ilikuwa imevaa barakoa.
Kuna tangazo, alisema, najua kuna tangazo,
hatolewi mpangaji mpaka janga lipite.
Lakini huyu hatolewi. Huyu atakuta tu
ufunguo wake hauingii.
Saa kumi huenda famasi. Dakika ishirini zinakutosha?
Akataja bei, mara tatu ya kawaida,
akatuma nusu papo hapo.
Mkono mtupu haulambwi, na wangu
tangu Februari ulikuwa mtupu hadi kwenye kiwiko.

Nimefungua milango mingi nyuma ya karani wa mahakama.
Nitasema kweli: mtu huzoea.
Unakiangalia kitasa, humwangalii mtu.
Unahesabu pini. Pini hazilii.
Mara moja, mtaa wa Delicias, nilikuta sufuria ya dengu
ingali inachemka, mwenyewe yuko ngazini na magodoro.
Nilizima moto,
nikajiandikia thawabu.

Ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Nilipochomeka bisibisi nikasikia kikohozi upande wa pili,
kile kikavu, kisichongoja kingine kimalizike.
Halafu sauti ya mtoto:
Nani?

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo nikiwa kazini.

Mlango ukafunguka kadiri ya mnyororo.
Viorica, muosha vyombo wa hoteli iliyofungwa,
uso rangi ya nta, leso mdomoni.
Akaniambia, ninayo nusu.
Nusu nyingine iko hotelini, pamoja na mshahara.
Hakuuliza sheria inasemaje.
Alirudi nyuma hatua mbili
ili asiniambukize.
Mbili. Nilizihesabu kama pini.

Basi nilifanya kazi niliyotumwa.
Niling'oa silinda ya zamani, ile ambayo Lacasta ana nakala yake
kwenye kamba moja na funguo za nusu ya mtaa.
Nikatia mpya, pini sita,
nikaipaka grafiti, nikaizungusha mara tatu.
Funguo, zikiwa bado na joto la mfuko wangu,
nikazidondosha moja moja kupitia upenyo
kwenye kiganja cha Ilinca, wa miaka saba,
aliyezihesabu kwa Kiromania.
Kitasa kimebadilishwa, nilimwandikia Lacasta.
Nilichokosea ni anwani ya funguo.

Alinitukana vizuri, kwa sarufi safi. Hajanipigia tena.

Msinione shujaa. Ile nusu sikuirudisha.
Na tangazo lilisema ngojeni,
halikusema sameheni.
Deni halikuugua hata siku moja;
lilikaa mle ndani nao, likanenepa
mwezi juu ya mwezi,
mpangaji pekee asiyedaiwa kodi.
Tangazo lenyewe lina siku ya kuharibika,
imepigwa chapa pembeni kwa herufi nyembamba,
kama maziwa.

Jana nilipita chini ya dirisha lao.
Shuka tatu zilikuwa kambani, upepo ukizipiga makofi.
Nimenunua silinda nyingine. Iko kwenye droo, chini ya risiti.
Siku simu itakapolia, karani atakuwa na mhuri halali
na mimi nitapanda ngazi zile zile,
na nyuma ya mlango kuna swali la neno moja
ambalo bado sijalijibu.